UZI: Selimundu, homa na dawa zinazozoeleka. Malaria ilivyoupanga mwili wa mtu wa ziwa

Nyando_Darubini:

Wadau wa Kanda ya Ziwa, haipiti wiki bila mtu humu kuuliza kwa nini selimundu (sickle cell, ugonjwa wa kurithi wa damu) imejaa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, ilhali ukipanda Nyandarua ni ya kutafuta kwa tochi. Majibu ni yale yale: damu za wazazi hazikupatana, ukoo una mkosi, mtu katupiwa kitu. Tuweke jibu lote mahali pamoja, kisha wenye dawa na wenye mbu waongeze yao.

Himoglobini ndiyo protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kwenye jeni ya mnyororo wake wa beta, herufi moja tu imebadilika: palipokuwa na A pana T. Matokeo yake, katika nafasi ya 6 ya mnyororo huo asidi ya glutamiki inatoka, valini inakaa mahali pake. Valini haielewani na maji. Oksijeni ikipungua, himoglobini hizo hushikana, zikawa nyuzi ndefu ngumu, na chembe ikapinda kama mundu. Aliyerithi nakala moja (AS) ana himoglobini ya kawaida ya kutosha na chembe zake hazimsumbui maisha ya kila siku. Aliyerithi mbili (SS) ndiye mgonjwa. Asiyerithi hata moja ni AA.

Sasa fikirieni hivi. Kabla ya hospitali, watoto wengi wa SS walikufa wachanga, na kila mmoja alizikwa na nakala mbili za jeni hiyo. Jeni inayojizika namna hiyo ingepaswa kuwa imekwisha zamani. Imebakije?

Aliyelifumbua ni Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, hapo jirani na Nakuru. Mwaka 1949 alizunguka Kenya akipima damu za jamii mbalimbali. Jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria zilikuwa na wabebaji zaidi ya 20 kati ya 100. Za nyanda za juu hata mmoja kwa taabu. Ramani ya jeni ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba AS inakinga dhidi ya malaria ya falsiparamu, aina iliyo hatari zaidi.

Kinga hiyo isieleweke vibaya. Mwenye AS anaumwa na mbu, anapata vimelea na anaweza kupata homa. Kinachopungua ni malaria kali, ile ya degedege, ya kupoteza fahamu na ya kuishiwa damu. Tafiti za Kilifi zimeonyesha inapungua kwa karibu asilimia 90. Inafanyaje kazi? Kimelea kikiingia kwenye chembe ya AS kinatumia oksijeni, chembe inapinda, bandama inaikamata na kuitupa pamoja na mgeni wake. Isitoshe, kimelea cha falsiparamu hutoa protini za kunata nje ya chembe ili kijishike kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo. Katika chembe ya AS protini hizo hupangika ovyo na hazinati vizuri. Na oksijeni ikiwa kidogo, kimelea chenyewe kinadumaa.

Kwa hiyo selimundu ni bei, na waliolipa ni watoto wa SS ili ndugu zao wa AS wapone.

---

ChaiYaKericho:

Asante Nyando. Maswali mawili. Kama AS ni nzuri hivyo, mbona watu wa ziwa wote hawajawa AS? Na tukimaliza malaria, jeni itajifia yenyewe?

---

Mwl_Biolojia_Nakuru:

Nilijibu hili darasani mpaka chaki ikaisha, nalijibu tena.

AS haiwezi kuzaa AS watupu. Wazazi wawili wa AS, kila mimba moja: nafasi 1 kati ya 4 ni AA, 2 kati ya 4 ni AS, 1 kati ya 4 ni SS. Na ni kila mimba upya. Watu wanadhani wakishampata mmoja wa SS basi watatu wanaofuata wamesalimika. Sarafu haina kumbukumbu.

Sasa hesabu. Hizi si takwimu za kaunti yoyote, ni mfano. Chukua kizazi ambacho asilimia 10 ya nakala zote za jeni hii ni S. Katika watoto 100: AA ni 0.9 × 0.9, yaani 81. AS ni 2 × 0.9 × 0.1, yaani 18. SS ni 0.1 × 0.1, yaani 1. Kama SS wote wanakufa kabla ya kuzaa, S ingepungua kila kizazi. Ili ibaki pale pale kwenye asilimia 10, AA lazima nao wapungue, na ukiifungua hesabu unakuta malaria lazima iwapunguze AA kwa karibu 11 katika kila 100 ukilinganisha na AS. Rudieni kuisoma hiyo namba. Watoto 11 katika kila 100 wa AA, kizazi baada ya kizazi, ndio walioishikilia jeni hiyo mahali pake.

Swali la pili. Tuseme malaria imekwisha leo. Kanuni ni kwamba ukigawa 1 kwa kiwango cha S, jibu linaongezeka kwa 1 kila kizazi. Kutoka 0.1 (ambayo ni 10) hadi 0.05 (ambayo ni 20) ni vizazi 10. Kizazi kikiwa miaka 25, hiyo ni miaka 250 ili ishuke nusu tu. Na hapo nimechukulia SS wote wanakufa, jambo ambalo hatulitaki wala si kweli tena. Tukiwatibu vizuri wakazaa, itashuka polepole zaidi. Kwa hiyo ChaiYaKericho, usiingoje ijifie.

---

Nyando_Darubini:

Niongeze mambo mawili yanayofanya hadithi isiwe nyoofu hivyo, maana wengine humu wanapenda nyoofu mno.

La kwanza, kinga haziongezani kama shilingi. Kuna jeni nyingine ya ukanda huu, alfa-thalasemia, nayo peke yake inakinga dhidi ya malaria kali. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2005 ulionyesha kuwa mwenye AS aliyerithi pia nakala mbili za alfa-thalasemia hupoteza karibu kinga yote. Maelezo yanayoeleweka ni kuwa alfa-thalasemia inapunguza kiasi cha himoglobini S ndani ya chembe, na S ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

La pili, kimelea nacho hakijalala. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi ya Gambia na Kenya iliyokuta aina za falsiparamu zenye mabadiliko maalumu ya jeni, na watoto wa AS waliougua malaria kali walikuwa na aina hizo mno. Yaani sisi tulibadili kufuli, yeye anachonga funguo.

---

Mama_Wawili_Mamboleo:

Daktari, lugha ya mitaani sasa. Wachumba wakitaka kupima kabla ya harusi, waombe kipimo gani? Kuna wanaopimwa wanaambiwa tu "pozitivu" wanarudi nyumbani wamechanganyikiwa.

---

Nyando_Darubini:

Dada, swali hilo ni la dhahabu, na neno hilo "pozitivu" ndilo tatizo lenyewe.

Kile kipimo cha bei nafuu cha maabara ndogo kinaitwa siklingi. Tone la damu linachanganywa na sodiamu metabisulfaiti inayoondoa oksijeni, linafunikwa na kioo, kisha linatazamwa kwa darubini. Chembe zikipinda, ni pozitivu. Lakini AS hupinda na SS hupinda! Kipimo hicho hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Aombe elektroforesi ya himoglobini, au HPLC (vyote hutenganisha aina za himoglobini), au vile vipimo vipya vya haraka vya tone la damu vinavyotoa jibu kwa dakika 10 hadi 15 na kuandika AA, AS au SS waziwazi.

Panapoharibika:

Mtoto chini ya miezi 6 akipimwa siklingi anaweza kuonekana hana kitu ilhali ni SS, kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini ya tumboni, ile F, na F haipindi. Ndiyo maana pia dalili hazianzi mapema. Mikono na miguu kuvimba kwa maumivu huanza F ikishuka, mara nyingi baada ya miezi 6.

Aliyeongezewa damu hivi karibuni atapimwa damu ya mtu mwingine. SS aliyepewa damu ya AA anasomeka kama AS. Subirini miezi 3, au pimeni wazazi.

Na kioo kilichokaa muda mfupi chini ya darubini kinadanganya. Mtaalamu mwenye foleni ndefu anatazama baada ya dakika 5 anaandika negativu. Kinatakiwa kikaguliwe tena baadaye kabla ya kufungwa.

Kama mmoja ni AS na mwingine AA, hakuna mtoto wa SS. Nusu ya watoto, kwa makadirio, watakuwa AS. Harusi iendelee.

---

Mfamasia_Kondele:

Nimeingia kwa upande wa matibabu, maana ukijua jeni inafanya nini, dawa za SS zinajieleza zenyewe.

Bandama ya mtoto wa SS inaziba na kufa polepole kwa chembe zilizopinda, mara nyingi ndani ya miaka mitano ya kwanza. Bandama ndiyo inayochuja bakteria wenye koti la sukari, hasa nyumokoka. Bila bandama, homa ya asubuhi inaweza kuwa maiti jioni. Hivyo penisilini V ya kumeza mara mbili kwa siku: miligramu 125 hadi atimize miaka 3, kisha 250 hadi miaka 5, pamoja na chanjo zote za nyumokoka. Jaribio la Marekani lililochapishwa 1986 lilipunguza maambukizi makali kwa asilimia 84. Kosa la kawaida ni mzazi kuacha kwa sababu mtoto "haumwi". Dawa hiyo inatolewa akiwa mzima ili abaki mzima.

Chembe za SS zinaishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, hivyo kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana na kumaliza foliki, vitamini ya kutengenezea chembe. Anapewa foliki asidi. Siyo madini ya chuma! Chuma cha chembe zilizokufa kinabaki mwilini, na akiongezewa damu mara kwa mara kinarundikana. Chuma atapewa tu kipimo kikionyesha amepungukiwa.

Malaria: SS hakingwi kama AS. Akipata malaria, damu ambayo tayari ni kidogo inaporomoka. Huku kwetu anapewa proguanili, dawa ya kukinga malaria, kila siku, na neti haina mjadala.

Na haidroksiyurea, ambayo naipenda kwa sababu inairudisha saa nyuma: inaamsha jeni ya F iliyolala tangu utotoni. Huanzwa kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtoto wa kilo 15 kwa 20 ni miligramu 300. Hapo ndipo shida ya kemisti inapoanza, maana kapsuli iliyo rahisi kupatikana ni ya 500. Ulizeni za 100 au mpangiwe ratiba na kliniki, lakini msifungue kapsuli mkakadiria kwa kijiko. Ni dawa inayopunguza uzalishaji wa chembe, unga wake usishikwe na mama mjamzito. Hesabu kamili ya damu inapimwa kabla ya kuanza, kisha mara kwa mara kipimo kinapopandishwa. Neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na bakteria) zikishuka chini ya 1.0 × 10⁹ kwa lita, dawa inasimamishwa hadi zipande, kisha inarudishwa. Jaribio lililofanyika Mbale, Kilifi, Angola na Kongo likachapishwa 2019 lilikuta maumivu, kuongezewa damu na vifo vyote vimepungua. Na kitu ambacho wengi waliogopa kingekuwa kinyume: malaria nayo ilipungua kwa karibu nusu.

---

Gulf_ya_Winam:

Nimesoma kwingine kuwa homa yenyewe ni kinga ya mwili. Basi kwa nini tunakimbilia panadol? Tuache mwili upigane. Tumefanywa tumeze dawa bure.

---

Mfamasia_Kondele:

Omera, nusu yako ni kweli na nusu yako italeta msiba.

Nusu ya kweli: homa si hitilafu ya mashine. Mwili unapandisha kipimajoto chake kwa makusudi. Mwaka 1975 Matthew Kluger alichukua mijusi wa jangwani, ambao hawawezi kujitengenezea joto ila huhamia penye joto, akawaambukiza bakteria. Waliowekwa penye joto zaidi walipona wengi kuliko waliowekwa penye baridi. Mjusi hana panadol na bado anatafuta homa. Miaka mingi kabla, 1917, Julius Wagner-Jauregg wa Vienna aliwaambukiza malaria wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imeingia ubongoni, ili homa iwatibu. Wengine walipata nafuu, wengine waliuawa na malaria hiyo hiyo, naye akapewa Nobel 1927. Hebu fikiria hilo likipita kamati ya maadili leo.

Nusu ya msiba: kinga hizi zimewekwa ziwe nyepesi kulia. Randolph Nesse anazilinganisha na king'ora cha moshi: bora kilie mara mia kwa mkate ulioungua kuliko kinyamaze siku moja nyumba ikiungua. Ndiyo maana mara nyingi ukiishusha homa hakuna kinachoharibika. Nyingi zilikuwa za mkate. Lakini huku ziwa, homa ni swali: hii ni malaria au siyo? Swali hilo halijibiwi kwa panadol wala kwa kukaa bila panadol. Linajibiwa kwa kipimo, ndani ya saa 24.

Paracetamoli ni ya kumpunguzia mtoto mateso akifika nyuzi 38.5 na kuendelea, apate kunywa na kulala. Miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, kila saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Someni chupa: kuna shira ya miligramu 120 kwa mililita 5, kuna ya 250 kwa mililita 5, na kuna matone ya watoto wachanga yaliyo makali zaidi. Kijiko ni kile kile, dozi ni mara mbili. Na haizuii degedege la homa, msiipe kwa kusudi hilo.

Kuhara ni vivyo hivyo. Utumbo unafukuza. Lopiramidi, dawa ya kufunga kuhara, kwa mtoto ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Mpeni maji ya ORS, na msome pakiti: kuna ya nusu lita na ya lita moja. Ya lita ikikorogwa kwenye nusu lita inazidi chumvi na kuhara kunaongezeka. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 ni 10.

---

Gulf_ya_Winam:

Nimekubali ya kipimo. Na madini ya chuma? Kuna mtu kasema mgonjwa wa malaria asipewe.

---

Nyando_Darubini:

Hiyo pia ni kinga iliyovaa nguo za ugonjwa. Mwili ukivamiwa, ini linatoa homoni ya hepsidini na chuma kinafungiwa stoo, kwa sababu wavamizi nao wanakihitaji. Chuma cha damuni kinashuka, daktari mwenye haraka anaandika "upungufu wa chuma" na kumpa adui chakula. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio kubwa la Pemba, Zanzibar: watoto waliopewa chuma na foliki walilazwa na kufa zaidi kuliko ambao hawakupewa. Maana yake si kwamba chuma ni sumu. Tibu malaria kwanza, hakikisha neti ipo, kisha mwenye upungufu wa kweli apewe chuma.

---

ChaiYaKericho:

Mfamasia, tuguse dawa za malaria. Klorokwini iliondoka, Fansidar ikaondoka. Hii ya sasa ina muda gani?

---

Mfamasia_Kondele:

Ndilo jambo linaloninyima usingizi, kwa hiyo nivumilieni.

Kila dawa ni mchujo. Katika mgonjwa mmoja kuna mabilioni ya vimelea, na miongoni mwao kwa bahati tu kuna mmoja mwenye kasoro inayomfaa. Usugu wa klorokwini ulionekana mpakani mwa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Mabadiliko yenyewe ni mlango kwenye tumbo la kimelea unaoitwa PfCRT: dawa inaingia, mlango unaitema. Kenya ikahamia SP, ile Fansidar, mwaka 1998. Sera ya artemetha-lumefantrini, AL, ilipitishwa 2004 na dawa ikafika vituo vya serikali 2006.

Malawi ilitupa klorokwini 1993. Mwaka 2006 ikachapishwa kuwa dawa hiyo inaponya tena karibu kila mtoto. Kwa nini? Ule mlango ni mzigo. Dawa isipokuwepo, kimelea chenye mlango wa kutema kinashindwa mbio na kisichokuwa nao. Hiyo nayo ni bei, kama selimundu, ila sasa anayelipa ni adui.

AL ina wapiganaji wawili. Artemetha inafagia kwa kasi lakini inatoka mwilini kwa saa chache. Lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia mabaki. Kilo 5 hadi 14 kidonge 1, kilo 15 hadi 24 vidonge 2, 25 hadi 34 vidonge 3, 35 na zaidi vidonge 4. Mara sita: sasa hivi, baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili. Ile ya pili, ya saa 8, ndiyo inayopotea. Mtu kapewa saa kumi jioni, ya pili ni saa sita usiku. Analala, anaimeza asubuhi.

Imezwe na mafuta: maziwa, uji wenye siagi ya karanga, omena waliokaangwa. Lumefantrini bila mafuta inapita tu kama maji ya mfereji, na hapo mpiganaji wa pili hayupo kazini. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi, na aongezewe vidonge badala ya vilivyotapikwa ili pakiti isipungue mwisho. Kugawana pakiti moja watoto wawili ni kumpa kila kimelea mazoezi.

Sasa jibu lako. Rwanda na Uganda tayari kuna vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya kelchi 13, vinavyochelewa kufagiliwa na artemisinini, jamii ya dawa iliyomo artemetha. Uganda ni pale ng'ambo ya Busia. Mgonjwa ambaye kioo cha damu bado kina vimelea baada ya saa 72 asirudishwe nyumbani na pakiti nyingine ya AL. Aandikwe, apewe ya mstari wa pili, dihidroartemisinini-piperakwini.

---

Nyando_Darubini:

Na "kioo cha damu" alichosema Mfamasia kina maana. Vipimo vya haraka vingi vinatafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, inayoweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya kupona. Aliyetibiwa wiki mbili zilizopita akipimwa kwa hicho atakuwa pozitivu, na atatibiwa malaria ambayo hana huku nyumonia inaendelea. Yeye apimwe kwa darubini.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2 kabisa. Kipimo kinawaona wengine, wanatibiwa. Hawa hawaonekani, wanabaki na kuenea. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo kwa sababu hiyo. Yaani hata kupima ni mchujo.

---

Mama_Wawili_Mamboleo:

Lakini Fansidar bado kliniki za wajawazito wanapewa. Hamkusema ilishindwa?

---

Mfamasia_Kondele:

Ilishindwa kutibu mgonjwa wa malaria. Kwa mjamzito kazi ni nyingine, ni kumlinda kabla, na tafiti bado zinaona faida kwenye uzito wa mtoto hata penye usugu mkubwa. Vidonge 3 kwa pamoja mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kila baada ya wiki 4. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrin) kwa ajili ya VVU asipewe, zote ni za jamii ya salfa.

Kuna kosa moja la kiufundi. SP inafanya kazi kwa kumzuia kimelea kujitengenezea foliki. Mama akipewa foliki ya miligramu 5 kila siku anamletea kimelea chakula kilichopikwa. Ya mimba ni miligramu 0.4. Soma kidonge, zinafanana.

---

MtegaMbu_Ahero:

Mmewasahau mbu. Maabara za dunia nzima zina aina ya anofelesi (mbu wa malaria) iitwayo "Kisumu", iliyochukuliwa hapa kwetu miaka ya 1970, nayo hufa kwa kila sumu, hivyo inatumika kama kipimo cha mbu asiye sugu. Ajabu ni kwamba mwaka 2000 magharibi mwa Kenya ndipo palipoelezwa mabadiliko ya jeni yaitwayo kdr yanayomfanya anofelesi asiuawe na pareto za viwandani. Jina la mji limebaki kwenye mbu ambaye mjini huenda humpati tena.

Kupima: mbu jike 20 hadi 25 kwa bomba, karatasi ya permethrini asilimia 0.75, saa moja, kisha wahesabiwe baada ya saa 24. Wakifa 98 kati ya 100 na zaidi, dawa inafanya kazi. Chini ya 90, usugu. Neti za kisasa zimeongezwa PBO, ambayo haiui bali inaziba vimeng'enya vya mbu vya kuvunja sumu. Kuiosha kwa jiki na kuianika juani ni kuiua PBO na sumu pamoja. Sabuni ya mche, kivulini.

---

Mwl_Biolojia_Nakuru:

Nichomeke jambo dogo lisilo la malaria, kisha niulize. Kuna utafiti wa Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi, ulichapishwa 1990. Shinikizo la damu lilipanda muda mfupi baada ya kuhama, pamoja na chumvi kuongezeka na potasiamu kupungua kwenye mkojo. Ndugu zao waliobaki hawakupanda vile. Figo iliyozoea kubana chumvi imepelekwa kwenye chipsi.

Swali langu ni la Desemba. Watoto waliozaliwa Nakuru, karibu mita 1,850, wanapelekwa ushago Ahero na Nyakach wiki tatu. Wengine ni AS. Wazazi wanasema "damu yake ni ya ziwa, hana shida".

---

Nyando_Darubini:

Mwalimu, hao wazazi wanachanganya kinga mbili. AS inarithiwa. Kinga nyingine, ile ya mtu mzima wa Ahero anayetembea na vimelea bila homa, inajengwa kwa kuumwa mwaka baada ya mwaka, na inafifia mtu akihama. Mtoto wa Nakuru hana hiyo ya pili hata awe wa ukoo gani. Wengi wao ni AA. Hata wa AS alale ndani ya neti.

Falsiparamu huchukua angalau siku 7 tangu kuumwa hadi homa. Ikianza siku ya tatu baada ya kufika, mbu wa Ahero hahusiki, tafuteni kitu kingine huku mkipima. Hatari kubwa ni homa inayoanza wamesharudi Nakuru wiki ya pili ya Januari, kituoni anasemekana ana mafua au taifodi kwa sababu hakuna aliyeuliza alikuwa wapi Krismasi. Mwambieni mhudumu kabla hajauliza.

---

Mwl_Biolojia_Nakuru:

Nimeinakili kwenye kundi la wazazi wa shule. Mmoja ameshajibu kuwa watoto wake watatumia kitunguu saumu.

---

MtegaMbu_Ahero:

Mbu wa huku wanakipenda.